Siku Saba Katika Milima ya Rwenzori

Mtu aliyesimama sokoni Bwera asubuhi isiyo na mawingu, akainua macho kuelekea kaskazini, huona milima imepanda bega juu ya bega hata kupotea mbinguni. Lakini asubuhi za namna hiyo ni chache. Kwa kawaida Rwenzori hujifunika ushungi, na mgeni aweza kukaa mwezi mzima wilayani Kasese akarudi kwao bila kuuona uso wake. Mimi nimefika Bwera mara nyingi kwa ajili ya udugu na biashara, nami nilikuwa nimeizoea milima ile kama mtu alivyozoea ukuta wa nyumba ya jirani. Siku moja nikaona haya, nikaazimia kuipanda.

Mama aliyenikaribisha nyumbani kwake hakupendezwa. “Mwanangu,” aliniuliza, “huko huenda Wazungu. Wewe unafuata nini?” Sikuwa na jibu. Hata hivyo ni yeye aliyenipeleka sokoni kunichagulia mabuti ya mpira, sweta mbili za mitumba na mifuko ya nailoni ya kufungia nguo. Mpaka wa Mpondwe uko hapo karibu, na bidhaa za pande zote mbili hukutana sokoni. Mkonzo wa Uganda na Mnande wa Kongo huelewana kwa lugha zao za ndugu, na wageni kama mimi tukipatana bei kwa Kiswahili. Ndugu msomaji, ukisafiri huko usiidharau mifuko ile ya nailoni. Nguo iliyolowa katika Rwenzori haikauki mpaka uishushe.

Kutoka Bwera barabara hushuka Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ikaingia katika joto la tambarare mpaka mjini Kasese. Kutoka Kasese tulishika njia ya Fort Portal, tukaiacha na kukunja kushoto kwenda Nyakalengija, penye lango la hifadhi. Hapo mtu yupo mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Milima hii ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapana ruhusa kuingia bila kiongozi. Sisi tulikuwa wasafiri watano, viongozi wawili, na wapagazi waliobeba vyakula, kuni na matandiko yetu, huku wakiruka mizizi kana kwamba hawakubeba kitu.

Siku ya kwanza tulipita msituni mpaka kambi ya Nyabitaba, mita 2,651. Usiku perere walilia mitini kwa sauti ya kutisha, hata mmoja wetu akaamka akidhani mtu ananyongwa. Siku ya pili tulivuka daraja pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, tukaingia katika mianzi. Na juu ya mianzi tukaikuta miti ya erika, ambayo kwetu ni kichaka tu, lakini huko ni miti mirefu yenye ndevu za kijani zilizoning'inia toka tawi hadi tawi. Ukikanyaga, mguu huzama laini kama kwenye godoro lililolowa. Tulifika kambi ya John Matte jioni, miguu ikitetemeka.

Siku ya tatu ndiyo siku ya tope. Viongozi walitutahadharisha, lakini tope la Bigo halielezeki. Ni bonde zima la maji meusi na vichuguu vya majani. Mahali pengine pamewekwa njia ya mbao, na pengine yakubidi kuruka toka kichuguu hadi kichuguu. Niliporuka vibaya nilizama hata magoti, na buti moja likabaki chini. Mpagazi alilichomoa kwa mikono miwili, akalimwaga maji, akanirudishia bila kucheka. Nililaani tope lile kwa lugha zote nizijuazo. Neno hili nitalirudia. Pande zote zilisimama lobelia kama mishumaa mikubwa, na miti ya senesio yenye vichwa vya kabichi, tukafika ziwa Bujuku lililozungukwa na milima mitatu: Stanley, Speke na Baker.

Siku ya nne tulipanda majabali mpaka kambi ya Elena, mita 4,541. Wenzangu wawili waliondoka usiku na kiongozi kijana kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109, cha tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mimi kichwa kiliniuma mno, nikabaki na kiongozi mzee. Kulipopambazuka mawingu yalifunguka, akanionyesha barafu: kipande cheupe kilichochafuka kingo zake, kimelala juu ya mwamba mtupu.

“Ndugu yangu,” alisema, “nilipoanza kazi hii, meno ya chuma tuliyafunga viatuni karibu na hapa. Sasa twayabeba mkononi mpaka kule.” Akanyoosha kidole mbali kuliko nilivyotaka.

Mwaka 1906 Luigi, mwanamfalme wa Abruzzi kutoka Italia, alipofika kilele hicho cha juu na kukiita jina la malkia wa kwao, palikuwa na barafu 43 zenye majina juu ya milima sita, eneo lipatalo kilomita za mraba 7.5. Mwaka 2005 zilikuwa zimebaki chini ya nusu yake, juu ya milima mitatu tu, kilomita za mraba 1.5 hivi, na tangu hapo zimezidi kupungua. Dunia inapata joto, na moshi unaoipa joto haukutoka katika meko ya Wakonzo. Lakini kwao theluji ni nzururu, nalo jina la ufalme wao, Rwenzururu, limetoka humo. Na wazee husema kwamba Kitasamba, mwenye milima, makao yake ni huko juu.

“Theluji ikiisha,” aliniuliza mzee yule, “Kitasamba atahamia wapi? Na wageni watafuata nini?” Alikuwa na watoto wawili shuleni, kwa mshahara wa milima ile.

Nilimwuliza kama mito nayo itakauka. Alitikisa kichwa, akanionyesha chini kule tulikotoka. Wataalamu waliopima mito hii wamesema vivyo hivyo: maji ya barafu ni sehemu ndogo mno. Maji yanayonywesha mashamba ya Kasese hutoka katika mvua, nayo hutunzwa na ndevu za miti na lile tope la Bigo nililolilaani siku ya tatu.

Njia ya kurudi siiandiki yote. Tulivuka kwenda maziwa ya Kitandara, mahali pazuri kuliko pote nilipopaona, tukalala Guy Yeoman, tukapita Nyabitaba na siku ya saba tukashuka. Mjini Kasese nilikwenda kuutazama mto Nyamwamba. Mawe makubwa kama vibanda yamelala ukingoni, yaliyoletwa na gharika za Mei 1, 2013 na Mei 2020, mvua kubwa ziliponyesha milimani. Hospitali ya Kilembe ilipata madhara mara zote mbili. Nililigusa jiwe moja. Lilikuwa la aina ile ile niliyoikalia Elena.

Bwera nilifika jioni. Mama aliyatazama mabuti, akayachukua kwenda kuyaosha, nami nikamkatalia kwa heshima, nikaketi uani kuyaosha mwenyewe. Tope lilikuwa jeusi, gumu kutoka.

“Nzururu umeiona?” aliuliza.

“Nimeiona, mama. Kidogo.”

“Basi kesho asubuhi uniamshe mapema,” alisema, “mawingu yakifunguka, unionyeshe ilipobaki.”