Lisp na C: Ipi Inafaa?

Mimi ni mtoto wa Kisawasawa, na zamu yangu ya kompyuta shuleni ni nusu saa kwa juma. Basi swali hili kwangu si la mchezo.

Lisp ilibuniwa na John McCarthy mwaka 1958. C ilitungwa na Dennis Ritchie mwaka 1972. Katika C, mwandishi mwenyewe hutenga kumbukumbu na kuirudisha. Ndiyo maana huenda mbio, lakini akijisahau programu huharibika. Lisp hukusanya yenyewe nafasi zisizotumika, tena hukagua aina za vitu kazi ikiendelea. Ukaguzi huo hula muda. Hata hivyo SBCL, ambayo ni Lisp, hugeuza programu kuwa lugha ya mashine, na ukiitajia aina za namba hukaribia C.

Msimu uliopita mnunuzi alibishana na baba juu ya uzito wa magunia yetu 43 ya mpunga. Niliandika programu kwa Lisp, nikaimaliza katika zamu moja; baba akapata hesabu kabla ya malipo. Kwa C ningeokoa chembe ya nukta, nikapoteza juma zima.

Mahesabu yakiwa mamilioni, nitachagua C. Kwanza tuulize: ni muda wa nani unaopotea, wa mashine au wa mtu?