Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeko Nyamisati

Mpwa wangu Selemani,

Huku Kibiti hatujambo. Mama yako mguu umepoa na korosho zimeanza kuanguka. Nimepata habari kwamba umeacha kidato cha tatu, unapakia kamba wa baharini Nyamisati, na ukiulizwa unajibu kuwa elimu ni ya watoto wa wakubwa. Kuacha shule kuna dawa yake, nayo ni kurudi. Jibu lako ndilo linaloniumiza, maana ukiliamini hutarudi.

Basi tuwatazame hao watoto wa wakubwa. Seyyid Said alitawala Unguja na pwani yetu hii hadi alipofariki mwaka 1856. Binti yake Salme, kama wenzake wa jumbani, alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika mabinti walinyimwa. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, akaweka msahafu mbele yake, akanakili herufi moja moja kwa siri hadi mkono ukazoea. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipomwasi kaka yao Seyyid Majid aliyekuwa akitawala, barua za uasi ziliandikwa na Salme, msichana wa miaka 15. Baadaye, akiishi Ujerumani, alijifunza Kijerumani ukubwani na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Barghash naye alishindwa, akahamishiwa Bombay, India, miaka miwili hivi, katika mji wa mitambo ya chapa na meli za moshi. Alipopata kiti cha usultani mwaka 1870 alileta mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiarabu, akavuta maji ya chemchemi hadi mjini, na mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Shule yake ilikuwa uhamishoni, baada ya kushindwa.

Utasema walikuwa na mali. Ni kweli, na mali yenyewe ilitoka kwenye jasho la watumwa, ambao soko lao Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu; siusifu ufalme ule. Lakini ndugu zao walikuwa wengi, wote wa ukoo mmoja na mali moja, na wengi wao hawakuacha hata ukurasa. Kama ukoo ndio unaosomesha, wangeandika wote. Utasema tena kwamba elimu haikumwokoa Barghash, kwani mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpunguzia bara akabaki na ukanda wa maili kumi. Nalo ni kweli: elimu haizuii manowari. Lakini ukanda ule umekwisha, na kitabu cha dada yake kinasomwa hadi leo.

Sisi wa delta ya Rufiji hatukuwa mbali na majumba hayo. Vyumba vya Mji Mkongwe wa Unguja ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na majahazi yalipakia boriti za Rufiji hadi Uarabuni. Miti yetu ilibeba mapaa ya watu wenye vitabu, lakini waliozama matopeni kuikata hawakuandika hata majina yao. Habari zetu zikaandikwa na wengine, kisha tukaitwa watu wasiosoma. Kinyongo hicho ninacho tangu ujana. Sasa wewe unabeba ndoo ya kamba, na anayesoma mizani na kuandika daftari ni mwingine. Hapo ndipo ninapoiona boriti ileile ikikatwa tena.

Wakati ungali huko, usikope kwa mnunuzi wa kamba. Usikate mikoko bila kibali. Ukivuka kwenda Mafia, vaa jaketi la kuokolea.

Mlango wa kurudi upo: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu walioacha masomo warejee. Sare yako mama yako ameifua na kuikunja. Njoo kabla muhula haujafunguliwa, twende wote kwa mwalimu mkuu.

Mjomba wako