Mikuki ya Sekunde Chache

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Songea nilipoitazama kwa mara ya kwanza filamu ya Independence Day, katika banda la video lililosheheni vijana. Filamu hiyo ya Roland Emmerich ilitoka mwaka 1996 na kuingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Ikulu ya Marekani ilipolipuliwa tulipiga mayowe. Will Smith alipomtwanga ngumi mvamizi kutoka anga za mbali, banda zima lilisimama.

Juma lililopita niliitazama tena pamoja na binti yangu. Dosari moja inajulikana na wengi: kompyuta ndogo ya mwanadamu inawezaje kupandikiza kirusi katika mitambo ya viumbe wa sayari nyingine? Hilo nalisamehe, kwani hadithi ina ruhusa ya kubuni. Nisilolisamehe ni namna filamu inavyoigawa dunia. Majeshi ya mataifa mengine yamekaa jangwani yakisubiri Wamarekani wayaambie la kufanya. Rais anatangaza kwamba tarehe 4 Julai haitakuwa tena sikukuu ya Marekani pekee. Na Afrika? Mwishoni tunaonekana kwa sekunde chache, tumeshika mikuki, tukishangilia chombo kinachoungua kwa mbali.

“Baba, hao ni sisi?” binti yangu aliuliza. Nilichelewa kujibu.

Kirusi kile kina asili yake. Katika The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, wavamizi kutoka Mirihi wanaangamizwa na vijidudu. Lakini Wells, mwanzoni kabisa mwa kitabu, aliwakumbusha wasomaji wake maangamizi ambayo Wazungu waliwatendea watu wa Tasmania. Alimtaka Mwingereza ajione katika nafasi ya aliyevamiwa. Emmerich amekichukua kirusi, akaliacha swali. Wenye nguvu wamepewa uchungu wa mnyonge bila kudaiwa kumbukumbu yoyote.

Sisi wa Songea tunaujua uvamizi. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, mikuki ilikabiliana na bombomu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua umati wa watu. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa walinyongwa mjini kwetu.

Basi Hollywood kutotujua si jambo la kunishangaza. Linaloniuma ni kwamba mimi, mzaliwa wa mji ule, niliiona mikuki ile na kucheka pamoja na wenzangu, kana kwamba ilikuwa ya watu wengine.

“Ndiyo, mwanangu,” nilimjibu hatimaye. “Ni sisi. Na mikuki hiyo ina historia yake.”

Tuliizima filamu kabla haijaisha, nikaanza kumsimulia.