Doa Moja la Damu, Wiki Mbili za Kutolala

Siku ya 25 ya mzunguko, saa kumi na moja alfajiri, aliona doa la rangi ya waridi kwenye tishu. Dogo tu, kama la mtu aliyejichoma sindano. Akabaki amekaa chooni, bomba linadondosha maji kwenye ndoo, akawaza: basi, na mwezi huu tena hakuna.

Dada huyu ana miaka 31, anakaa Tabata na mumewe, ndoa ina miaka mitatu. Kwenye simu ana programu ya kuhesabu siku. Vidonge vya foliki anameza kila usiku. Na mama mkwe anapiga kutoka Moshi kila Jumapili kuuliza, "Vipi mwanangu, mnaendeleaje?" kwa ile sauti ambayo walioolewa wanaijua.

Lakini hedhi haikuja. Doa likageuka kahawia, kesho yake likakata. Shosti wake wa kazini akamwambia huenda ni mimba inajipandikiza kwenye kizazi, kitu ambacho hutokea kama siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Shida ni kwamba hata hedhi inaweza kuanza hivyo hivyo. Watu wanapiga picha tishu usiku wa manane na kuulizana rangi. Jamani, rangi haipimi mimba.

Siku ya 29 akapima mkojo. Mstari wa pili ulikuwa umefifia mno. Mume akakipeleka kipimo kwenye taa, akakigeuzageuza, akasema, "Upo." Yeye akasema, "Haupo." Wakabishana kama watu wanaobishania penalti, mpaka wote wakaanza kucheka, halafu yeye akalia.

Furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne, akiwa kazini, damu ikatoka nyekundu, na safari hii ilihitaji pedi.

Hospitalini nesi alimwita "mama", kama anavyowaita wote pale foleni, na neno hilo likamchoma kuliko sindano. Altrasaundi haikuonyesha kitu ndani ya kizazi. Daktari hakuzunguka: "Dada, inawezekana ni mapema mno, inawezekana inatoka, na inawezekana imetunga nje ya kizazi. Leo siwezi kukwambia ni ipi." Akampima homoni ya mimba kwenye damu: 412. Akamwambia arudi baada ya saa 48, maana namba moja haisemi mengi, kinachotazamwa ni kama inapanda vizuri. Na akamwonya: akisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au maumivu ya bega, au kizunguzungu cha kutaka kuzimia, au pedi ikijaa ndani ya saa moja, asisubiri asubuhi. Mimba ya nje ya kizazi inaua.

Zile saa 48 ndizo zilizomzeesha. Aliuliza kama alale tu kitandani, akaambiwa kulala hakuzuii mimba kutoka. Alijiuliza kama ni ile ndoo aliyonyanyua Jumamosi, au bodaboda ya barabara ya vumbi. Hapana. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu vinasaba havikukaa sawa tangu mwanzo. Jirani alileta chupa ya dawa ya mizizi. Akaipokea kwa heshima, akaiweka nyuma ya friji.

Namba ya pili: 790. Damu ikapungua lakini haikukata. Daktari akasema inatia moyo, ila asubiri tena. Kwa kweli karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu miezi mitatu ya mwanzo, na wengi hufika salama, lakini mwambie hivyo mtu anayevaa pedi.

Jumapili mama mkwe alipopiga, mume alichukua simu, akatoka nayo nje.

Baada ya siku 12 alilala tena kwenye kile kitanda, jeli ya baridi tumboni, macho kwenye dari. Mpimaji alikaa kimya muda mrefu. Halafu akamgeuzia kioo: kitu kama punje ya mchele, na katikati yake kinachopepesa haraka haraka.

Moshi bado hawajaambiwa. Na kila akienda chooni, mpaka leo, anaitazama tishu kwanza.