Platini Iko Chini ya Kiti

Mafundi wa Kakuma hatukubaliani juu ya platini. Wengine wanasema gari ya zamani iachwe ilivyo: platini ikichakaa unaisugua kwa msasa pale pale njiani, safari inaendelea. Wengine, na mimi nimo, tunasema platini imetuchosha vya kutosha. Naandika kwa wenye magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na pia kwa wasomaji ambao hawajawahi kufungua boneti.

Tuanze na majina. Sisi wa Kivu tunasema delko, bobini na buji. Wakenya wanasema distribyuta, koili na plagi. Ni vitu vile vile. Lakini ukimtuma mtu Kitale akuletee spea, kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri, jina likikosewa hela imekwenda.

Platini ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta. Vinagusana na kuachana. Kila vikiachana, umeme unaopita kwenye koili unakatika ghafla, na hapo cheche inaruka kwenye plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini inafunguka mara 6,000. Inaungua, inaota vishimo, na ile nafasi ya karibu milimita 0.45 inayotakiwa kati ya vipande inabadilika. Ongeza vumbi la Turkana. Asubuhi gari inakohoa, unapiga stata mpaka betri inakwisha.

Gari ninayoizungumzia ni Corolla DX yenye injini ya 4K. Mwenyewe ni mzee wa kwetu. Mchana anabeba abiria na mizigo. Usiku majirani wanamgongea mlango mtu akizidiwa. Kila wiki mbili alikuwa anafika kwangu. "Fundi, ile kitu imeanza tena." Nasugua, napima, ananipa shilingi 200. Halafu usiku mmoja mama mwenye uchungu wa kuzaa alikaa ndani ya gari hiyo huku vijana wanaisukuma gizani hadi ikawaka. Alifika salama. Kesho yake mzee alikuja hata kabla ya chai. "Fundi, siku nyingine itakataa kabisa."

Nilimwambia kuna dawa. Lite-Ace zenye injini ya 5K zina distribyuta ya elektroniki, na inaingia kwenye 4K bila kukata wala kuchomelea. Ndani yake hakuna platini. Kuna gurudumu dogo la meno manne linalopita karibu na sumaku bila kuigusa. Kila jino likipita, ishara inakwenda kwenye kifaa kinachoitwa ignaita, nacho ndicho kinachokata umeme wa koili. Kwa kuwa hakuna kinachogusana, hakuna kinachoungua.

Fundi mwenzangu akanivuta pembeni. "Unajikata mkono. Huyu mzee ni mshahara wako." Ni kweli: mia nne kwa mwezi ni unga wa watoto wangu. Lakini nilifikiria yule mama. Mteja anayerudi kwa sababu gari haiponi, siku moja atachoka na gari, au atachoka na mimi.

Mzee naye alikuwa na hofu yake. "Platini ikikataa njiani najisaidia. Hiyo elektroniki ikifa je?" Swali zuri, na wanaosifia vitu vipya mara nyingi hawalijibu. Nikamwambia, "Papa, delko yako hatuitupi. Itakaa chini ya kiti, pamoja na koili yake."

Spea zilitoka kwenye yadi ya magari mabovu. Tingo wa lori linalopita njia ya Lodwar ndiye aliyenunua, nami nikamwelekeza kwa sauti za WhatsApp. Shika shafti uitikise; ikicheza, acha. Nyonya kile kibomba cha vakiumu kwa mdomo. Sahani ndani isogee na ibaki hapo. Chukua distribyuta, koili na ignaita kutoka gari moja, maana koili ya platini na ignaita havielewani. Mwisho, mwenye yadi aunganishe vyote kwenye betri, azungushe shafti kwa mkono. Nilitaka video. Ilipofika nikaona cheche ya buluu, nikasema lipa. Vyote vilikuwa shilingi 3,500.

Kufunga kulichukua asubuhi moja. Kabla ya kuchomoa ya zamani, nilileta silinda ya kwanza juu na kuweka alama pale rota inapoelekea. Koili mpya nikaipa umeme kamili wa volti 12, bila kupitia ile rezista ya zamani. Ignaita nikaifunga kwenye bodi, rangi imekwanguliwa hadi chuma, mbali na ekzosi. Hapa watu wengi huharibu: ignaita ikikosa chuma cha kupunguzia joto, kwenye jua letu haidumu.

Huu ni mwezi wa tano. Mzee amekuja mara moja tu, kwa ajili ya breki, na alinilipa zaidi ya zile mia mbili mbili za mwezi mzima. Wenye gari wengine wawili wameniuliza bei. Vijana wangu nimewafundisha kurudisha delko ya zamani hata gizani, na wanamfundisha mzee.

Wanaoandaa mafunzo ya ufundi hapa kambini nawaomba kitu kimoja: mita ya umeme kwa kila gereji. Spea zilizotumika tutaendelea kununua, hatuna nyingine. Tupeni cha kupimia, tujue kipi kizima kabla hela haijapanda lori.