Simba na Nyumba ya Ghorofani

Mwaka jana mimi na mke wangu tulikaribia kununua nyumba katika jengo moja la ghorofa huko Upanga. Fedha za malipo ya awali tulikwisha kuzitoa benki. Ndipo binti yetu alipouliza: "Na Simba atalala wapi?"

Simba ni mbwa wetu, mzee wa miaka 11.

Kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mnunuzi hupata hati ya sehemu yake. Lakini ngazi, ua na paa ni mali ya wote, na kila mwenye nyumba hufungwa na kanuni za umoja wao. Nikaziomba kanuni hizo. Muuzaji alinishangaa; nadhani wengi hawaziombi. Paka waliruhusiwa. Mbwa, hapana.

Sikuweza kuwalaumu. Ngazi ni moja, na jirani mwenye udhu aendaye msikitini ana haki ya kutoguswa na mate ya mbwa. Lakini Simba ndiye aliyetuamsha usiku ule wezi walipokata wavu wa dirisha.

Tukazirudisha fedha benki. Hadi leo tumepanga Temeke, na kodi imepanda. Simba hulala mlangoni.