Mzabibu uliofukuzwa kwao

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, hasa ninyi mlio kambini na mnaoishi katika familia za kuwapokea, leo sileti habari ya barabara wala ya vita. Naleta habari ya divai, na mtaona kwa nini.

Kabla ya kurudi Bukavu, niliishi ukimbizini Nantes, mji wa magharibi ya Ufaransa ambako mto Loire unakaribia bahari. Nilikuwa naosha vyombo katika restora moja ndogo. Karibu kila kilauri kilichorudi jikoni kilinuka divai nyeupe ya huko, Muscadet. Nilijiambia: hiki ni kinywaji cha wenyeji, mimi si wa hapa.

Siku moja mpishi, mzee wa mji ule, aliniambia: “Hata mzabibu huu si wa hapa.” Akanieleza. Mzabibu huo unaitwa melon de Bourgogne, maana yake umetoka Bourgogne, mashariki ya nchi. Kule wakubwa waliudharau, wakaamuru ung’olewe. Kisha baridi kali ya mwaka 1709 ikaua mizabibu mingi ya Nantes. Wakulima wakapanda kwa wingi huu uliofukuzwa, maana unavumilia baridi. Mwaka 1936 jina la Muscadet-Sèvre et Maine likapata ulinzi wa sheria. Leo mashamba yake makubwa yako huko Nantes, si Bourgogne.

Divai yenyewe ni nyepesi, haina sukari, ina ukali kama wa ndimu. Wengi huiacha juu ya mashapo ya chachu majira yote ya baridi, ndipo waitie kwenye chupa. Hunywewa ikiwa baridi. Ukiiweka karibu na nyama nzito yenye pilipili, inapotea. Lakini pamoja na chaza na kome wa baharini, samaki wa mto kwa mchuzi wa siagi, au jibini ya mbuzi, inafaa kabisa: ukali wake unakata mafuta na kuitikia chumvi.

Siku ya posho moja mzee alileta samaki wadogo. Akawapaka unga na chumvi, akawakaanga wazima, akakamulia ndimu. Nilisimama nikashangaa: sambaza! Tulikula kwa mikono, tukiwa na Muscadet, na kwa mara ya kwanza nilicheka katika jikoni ile. Usiku nilimpigia mama simu. Alisikiliza yote, kisha akauliza: “Na bugali je?”

Sambaza nao, ndugu zangu, hawakuzaliwa katika ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angewaambia si wa hapa?

Mimi nilirudi. Wengi wenu hamjui mtarudi lini, na sitawadanganya kwamba kufukuzwa ni baraka. Mzabibu ule haukuchagua kuondoka. Lakini palipokuwa na samaki na chumvi, ulipata kazi ya kufanya, na meza ikaupokea.

Asiyekunywa pombe, ndimu inatosha. Ukipata sambaza leo, mwite jirani wa hema la pili, mle pamoja.